Mashine Niliyosema Nimeizima

Mara ya kwanza kuisikia sauti ya jirani yangu, ilitokea ndani ya spika za kompyuta yangu. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha steshenari, chini ya mlima upande wa Kilakala, nachapa barua ya mwalimu mmoja aliyeomba uhamisho. Spika zikaguna, kisha ikatoka sauti nene ya mzee, imevurugika kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Nilijua ni maneno, ila sikuokota hata moja. Mshale ukaruka mpaka pembeni ya monita, kibodi ikaganda, barua ikapotea.

Nilizunguka ukuta nikiwa nimefura. Nilikuwa nimehamia hapo wiki ile, na nilichojua juu ya nyumba ya nyuma ni kwamba ina mlingoti wa mianzi wenye waya mrefu unaokwenda mpaka kwenye mwembe wa jirani wa tatu. Nilimkuta amevaa hedifoni, mbele yake kuna redio kubwa ya kijivu.

"Shikamoo, Mzee. Redio yako imenifutia kazi."

"Marahaba, binti yangu. Pole sana." Akavua hedifoni. "Ilianza nilipowasha redio au nilipoongea?"

Sikujua kama kuna tofauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na yeye ananiuliza swali. Akasimama, akachukua bisibisi na kifuko cha kitambaa, akasema, "Basi twende tukaijue."

Ilimchukua siku tatu. Alinikalisha mbele ya kompyuta na mpini wa ufagio mkononi, akarudi kwake kuongea hewani. Mshale ukiruka nigonge ukuta mara moja, spika zikiguna nigonge mara mbili. Baada ya kila jaribio alikuja kubadilisha kitu kimoja tu, halafu tunaanza upya. Alifupisha waya za spika zilizokuwa zimezagaa chini ya meza. "Waya mrefu ni antena," alisema, "hata kama wewe unauita waya wa spika." Mle kwenye kifuko mlikuwa na vile vinundu vyeusi vinavyokaa kwenye waya za monita, alivyovitoa kwenye mashine zilizokufa. Akavipasua, akatoa pete za ndani, akazungushia waya wangu wa kibodi mara tano, wa mausi mara tano, wa printa mara saba. Kwake alichimbia fimbo ya shaba ardhini na kuusogeza waya wa antena mbali na ukuta wetu. Siku ya tatu nilikaa na ufagio wangu nikisubiri cha kugongea, sikukipata. Nilimsikia akiongea upande wa pili wa ukuta, na mshale ukatulia kama umesinzia.

Kosa kubwa lilikuwa la waya zangu. Hakulisema hilo hata mara moja. Aliomba radhi kwa niaba ya redio yake, akakunja kifuko chake akaondoka.

Alikuwa fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha sukari. Zaidi ya hapo sikuulizia habari zake, wala yeye hakuuliza zangu. Kwa miaka saba aliniita binti yangu na mimi nikamwita Mzee. Alivaa ovaroli la kazini lililopauka, nembo yake ameifumua uzi kwa uzi, kwa sababu, alisema, hana haki ya kutembea na jina la watu ambao hawamlipi tena. Alikaa peke yake. Mke alikuwa amefariki, na binti yake ameolewa Mikese. Chai aliipika ya tangawizi kali mno, na hakuelewa mtu anawezaje kuiacha nusu.

Mtaani walisema ni jasusi. Baadaye, walipoona jasusi gani huyu anamwagilia mchicha, wakasema ni mchawi. Maneno yalipofika kwa balozi wa nyumba kumi, jirani yangu aliomba mwenyewe mkutano uitishwe. Akaja na leseni yake ya redio ndani ya fremu, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia namba ya juu mpaka maneno yaliyo ndani ya mhuri, akauliza kama kuna swali. Mama mmoja akataka kujua kama ule mlingoti hauwezi kuwavutia radi. Alimjibu kwa nusu saa, na michoro mchangani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza kitu tena, kwa kuogopa majibu.

Sheria alizishika mpaka akachosha watu. Mfanyabiashara wa kabichi aliwahi kumwomba aulizie kwa redio kama mzigo wake wa Mgeta, huko milimani, umeshateremka. Alikataa katakata. "Hewani hakuna biashara," alisema, na yule bwana akaondoka akimwita mzee mwenye roho mbaya. Lakini jirani yangu huyohuyo wa sheria alikuwa mwizi wa drafti.

Hilo nalijua kwa macho yangu. Alikuwa na rafiki yake, fundi magari wa zamani wa misheni, aliyekaa juu ya Nyandira huko Mgeta, kwenye kitongoji ambacho mtandao wa simu haufiki mpaka upande kilima nusu saa nzima. Walijifunza redio pamoja wakiwa vijana, na kila siku saa kumi na moja jioni walikutana hewani. Kila mmoja alikuwa na ubao wake wa drafti, nyumba zimepewa namba, kete ni vizibo vya soda. Jumapili nilipompelekea chapati, jirani yangu alichomoa hedifoni ili na mimi nisikie. Rafiki alikuwa na lafudhi ya Kiluguru, sentensi zake zinapanda mwishoni kama anayeuliza, na kikohozi ambacho kilikuja kabla ya kila hesabu ya kete.

"Kete yako iko kumi na nane," jirani yangu alimwambia siku moja, mimi naiona iko kumi na tatu.

"Hee! Imefikaje huko, ndugu yangu?"

"Umeisogeza mwenyewe jana. Umesahau?"

Kikohozi, halafu kicheko. "Haya. Na mimi yangu iliyoliwa jana imefufuka."

Jirani yangu alicheka mpaka akafuta macho kwa ukosi wa ovaroli. Simu, ambazo sisi wengine hatuwezi kuishi bila kuzishika, hakuzipenda. Ya kwake, aliyonunuliwa na binti yake, ilikaa kabatini imezimwa, akiiwasha Jumamosi mchana tu ili binti ampigie. Alisema simu inamfundisha mtu kuongea bila kusubiri zamu yake.

Sasa nieleze kuhusu nusu saa yangu.

Tulipomaliza kuizuia redio yake isiingie kwenye kompyuta yangu, ilibaki kompyuta yangu kuingia kwenye redio yake. Alinionyesha. Alikuja na redio ndogo ya betri, ameiweka mahali pasipo na stesheni, akaipitisha juu ya meza yangu taratibu, kama daktari anayepitisha kipimo kifuani. Kwenye monita ilikoroma kidogo. Kwenye printa ilinyamaza. Ilipofika nyuma ya kasha la kompyuta, palipo na pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia umeme, ilipiga kelele za kukwaruza mpaka nikaziba masikio. "Ya bei nafuu," alisema bila kunishutumu. "Wameacha kuweka vile vitu vya kuizuia kelele isitoke. Na mimi hiki ndicho ninachosikia juu ya sauti ya mwenzangu." Alifunga pete zake, kelele ikapungua, haikuisha. Ndipo akaniomba.

"Nusu saa tu, binti yangu. Saa kumi na moja mpaka na nusu. Uizime na uichomoe kabisa kwenye soketi."

Nilikubali. Ningekataaje, mtu aliyelala kifudifudi chini ya meza yangu siku tatu? Na kwa muda mrefu nilitimiza. Ikifika saa kumi na moja nilichomoa, nikafagia, nikapanga karatasi.

Halafu umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ikaungua. Nilinunua nyingine, nyepesi kuliko ya kwanza, nyepesi mpaka nikashangaa mkononi. Na mwaka huohuo wanachuo wakawa wengi mtaani kwetu, na saa yao ya kutoka darasani ndiyo ileile. Walifika wamebeba kazi kwenye flashi, kesho asubuhi inatakiwa, mlangoni foleni. Jioni moja nikajiambia leo tu. Kesho yake nikajiambia vilevile. Siku ya tatu Mzee aliita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Binti yangu, mashine umeizima?"

Wanachuo sita walikuwa wamesimama wananitazama. Printa ilikuwa inatoa karatasi.

"Nimeizima, Mzee."

Nimejaribu kukumbuka kama nilisita. Sikusita. Nilijua nitamwelezea baadaye kidogo, foleni ikipungua, nikamwambie tupange saa nyingine au anitafutie dawa ya hii pawa saplai mpya. Baadaye ikawa kesho, kesho ikawa wiki. Na uongo ukishalala wiki, kuutoa ni kusema mambo mawili: kwamba nilifanya, na kwamba nilikaa nao.

Wala hakuuliza tena, kwa sababu nilishajibu. Ndivyo alivyokuwa. Kanuni yake kuu ya kazi ilikuwa usilaumu kitu kabla hujakizima, na alichokizima kikaonekana hakina kosa alikiacha kwa amani. Mimi nilikuwa nimeshazimwa. Basi akaanza kuzima vya kwake. Alizima friji. Alitoa taa zote mpya za nyumbani, zisije zikawa ndizo zenye kelele, akarudisha za zamani. Alipanda mwenyewe kwenye mlingoti, katika umri ule, kukwangua kutu kwenye viungio vya waya, na mimi nilimshikia ngazi. Nilimshikia ngazi nikimwambia, "Polepole, Mzee," huku kompyuta yangu inanguruma nyuma yangu.

Vitu vyote vilipoonekana havina kosa, alibaki yeye.

"Nadhani ni masikio," aliniambia siku moja akiwa ameshika kikombe. "Sauti yake naisikia kwa mbali, kama iko chini ya maji. Halafu inazama."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Badala yake nilisema, "Twende ukapimwe." Nilikodi bajaji, nikampeleka hospitali, nikakaa naye kwenye benchi nimemshikia kofia. Daktari alisema usikivu umepungua kidogo, jambo la kawaida kwa umri wake. Kidogo. Jirani yangu hakulisikia hilo neno, au alilisikia akaona daktari anamstahi. Njiani kurudi alinishukuru mara mbili. Alisema wapo wenye watoto wa kuzaa ambao hawapelekwi hospitali.

Ilikuwa masika. Huko juu mvua ilinyesha bila kupumzika, na barabara ya Mgeta ikakatwa na udongo. Jirani yangu aliendelea kukaa kwenye redio kila saa kumi na moja. Kupitia ukuta nilimsikia akisema, "Nakuita, nakuita. Kama unanisikia, mimi sikusikii. Nakuita." Aliyasema kwa upole, anatulia, anarudia. Nikaongeza sauti ya muziki dukani.

Rafiki yake alikuwa anaumwa.

Hilo tulilijua baada ya mazishi, barabara ilipofunguliwa na dereva wa lori la mboga kuleta habari. Jirani yangu alipanda Mgeta siku hiyohiyo, akakaa siku mbili. Aliporudi nilikwenda kumpa pole. Alikuwa amekaa mahali pake bila hedifoni.

"Siku tisa," alisema. "Mke wake ananiambia siku tisa alinyanyuliwa, akawekwa mbele ya redio. Na yeye alikuwa ananisikia. Kule kwake mimi naingia safi. Nasema sikusikii, na yeye ananijibu, mimi nakusikia ndugu yangu, mbona wewe hunisikii?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Siku za mwanzo aliomba nimtafutie gari. Siku za mwisho aliomba niitikie tu." Akagusa sikio lake la kulia. "Na kijana mmoja alipandishwa kilimani anipigie simu. Simu iko kabatini, imezimwa. Basi, vyote viwili ni mimi."

Nimejificha nyuma ya simu ile mara nyingi. Nimejificha pia nyuma ya ule udongo: gari lisingepita, hata angelisikika. Watu walikuwa wameshambeba kwa machela mpaka zahanati na kumrudisha. Labda asingepona hata hivyo. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalogusa zile siku za mwisho, alipoomba kuitikiwa tu.

Wiki ile jirani yangu alishusha waya. Aliuviringisha kwenye kiwiko, taratibu, mizunguko sawasawa, akalaza mlingoti chini ukaoza na mvua. Muda mfupi baadaye binti yake alikuja kumchukua akakae naye Mikese. Aliniachia kile kifuko cha pete nyeusi. "Zitakufaa," alisema. Nami nilipokea kwa mikono miwili.

Mwaka mzima ulipita. Siku moja yule binti alipita dukani kutoa fotokopi za vyeti vya mwanawe. Nikauliza habari za Mzee. Akasema mwili ni mzima, ila masikio yamekwisha kabisa, sasa hivi watoto wote nyumbani wanaongea kwa kupiga kelele. "Haendi tena hata msibani," alisema. "Anasema atakaa katikati ya watu afanye nini, na hasikii?"

Nilifunga duka siku iliyofuata.

Nyumba yao Mikese iko karibu na barabara kuu, malori yanapita yakikata maneno. Alikuwa amekaa barazani, ovaroli lilelile. Nilipomwamkia aliweka kiganja nyuma ya sikio kabla sijafungua mdomo, kama mtu aliyezoea.

"Shikamoo, Mzee."

"Ongea kwa nguvu, binti yangu. Sisikii."

Sikuweza kulipigia kelele lile nililokuja nalo. Nilisogeza kigoda karibu, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, lori linapita, kwamba mashine sikuizima. Kwamba aliniuliza nikasema nimeizima, na haikuwa imezimwa, siku ile na siku zilizofuata zote, masika nzima. Kwamba pawa saplai ilikuwa mpya na mbaya kuliko ya kwanza. Nilisema mpaka nikamaliza, na katika kumaliza nikatambua kwamba kiganja kilikuwa kimeshashuka. Alisikia kila neno.

Aliongea kama fundi.

"Ilikuwa nyepesi mkononi?"

"Nyepesi sana, Mzee."

"Na ukichomoa, je? Masika ile uliwahi kuichomoa nikiwa hewani, hata siku moja?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Halafu uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea, na ambacho nakiona mpaka leo nikifunga macho. Ulifurahi. "Kwa hiyo masikio yangu..." alianza, akanyoosha mgongo, akageuka upande wa barabara, akasikiliza. Kuku nyuma ya nyumba. Redio ya mtu dukani. Mwanamke anatwanga mbali kidogo. Nilimwona anavipokea kimoja kimoja. Na nikamwona, katikati ya furaha ileile, inamfikia hesabu ya zile siku tisa. Mabega yakashuka taratibu.

"Alikuwa ananijibu," alisema. "Sauti yake ilikuwa inafika mpaka ukutani kwetu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mke wake anajua kwamba mumewe alikuwa anamwita mtu asiyesikia. Nilimwambia mimi mwenyewe."

"Nitakwenda kumweleza."

"Tutakwenda. Mimi nitakaa pembeni. Utasema wewe." Akafikiri. "Jumamosi. Nitakusubiri stendi ya Msamvu saa moja asubuhi. Usichelewe."

Nilipiga magoti kuomba radhi. Alitazama kando mpaka nilipoinuka mwenyewe. Mlangoni akatokea binti yake na sinia, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"BABA! CHAI HII HAPA!"

"Usipige kelele, mama," alisema. "Nasikia."

Yule binti alisimama na sinia lake, akimtazama baba yake, kisha mimi. Jirani yangu alipokea kikombe kimoja akakisogeza mbele yangu.

"Sijakusamehe," aliniambia, kwa sauti ya chini kabisa. "Lakini kunywa. Yote."